Maswali ya Wasomaji: Ndani ya Makumbusho ya Sayansi Asilia

Mwezi huu tumeweka pamoja barua za wasomaji wanaojiandaa kuzuru makumbusho ya sayansi asilia katika miji mikubwa, pamoja na za wale waliokwisha kuzuru wakatoka na maswali. Barua zilizokuwa ndefu tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

SWALI: Mhariri, salaam. Nitasafiri kikazi kwenda jiji kubwa lenye makumbusho maarufu ya sayansi asilia, na nitakuwa na siku moja tu ya mapumziko. Rafiki zangu waliotangulia wananiambia kwamba jengo lile halimalizwi hata kwa siku tatu, na kwamba wao walitoka wamechoka bila kukumbuka walichokiona. Niipangeje siku hiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki zako wamekueleza kweli, na jambo la kwanza ni kukubali kabla hujaingia kwamba hutamaliza. Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yanahifadhi vielelezo takribani milioni 80, yale ya Berlin takribani milioni 30, na yale ya Smithsonian jijini Washington zaidi ya milioni 140. Vinavyowekwa mbele ya watazamaji ni sehemu ndogo mno ya hazina hiyo, na hata hiyo sehemu ndogo inatosha kumchosha mtu mwenye nguvu zake. Uchovu wa namna hii ulianza kuchunguzwa zamani. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya sanaa jijini Boston, alichapisha makala yenye picha za mtu anayeinama, anayechuchumaa na kujipinda ili aone vitu vilivyomo makabatini, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya uchovu huo hutokana na jinsi vitu vilivyopangwa, wala si udhaifu wa mgeni.

Kwa hiyo chagua kumbi mbili, na zikizidi sana ziwe tatu. Ushauri wangu ni kwamba ukumbi mmoja uwe wa jambo unalolipenda tayari, na wa pili uwe wa jambo usilolijua kabisa, kwa sababu huo wa pili ndio aghalabu humshangaza mtu. Wageni wengi huupita mbio ukumbi wa mawe na madini wakielekea kwa dinosaria, ilhali ndani yake mna vimondo ambavyo umri wake unakaribia ule wa mfumo mzima wa jua, yaani miaka bilioni 4.5 na zaidi. Sijui kitu kingine ambacho mtu wa kawaida anaweza kukisogelea kwa karibu hivyo kikiwa na umri huo.

Fika milango inapofunguliwa. Umati huanzia ukumbi mkuu wa chini na kwa dinosaria, kwa hiyo kama dinosaria ndio uliowachagua, nenda kwao moja kwa moja katika dakika za mwanzo. Kama sivyo, waache hadi saa ya mwisho, makundi ya wanafunzi yatakapokuwa yameondoka. Kabla ya safari hakikisha siku za kufungwa, maana makumbusho kadhaa hufungwa Jumatatu au Jumanne, na uangalie kama tiketi zinatolewa kwa saa maalumu na kama ukumbi unaoukusudia haumo katika matengenezo. Mkoba mzito uache mapokezi.

Ukishaingia ukumbini, upite mara moja bila kusimama ili ujue kilichomo, kisha rudi kwenye vitu vichache vilivyokuvuta na ukae navyo. Kwa kila kimoja jiulize ni nini, kimetoka wapi, nani alikipata na lini, na wataalamu wamejuaje hayo wanayoyasema. Swali hilo la mwisho ndilo la thamani kuliko yote, na utaona kwamba maelezo mengine yanalijibu vizuri na mengine yanalikwepa.

SWALI: Nilisimama mbele ya kiunzi cha dinosaria hadi shingo ikaniuma kwa kutazama juu, kisha bwana mmoja aliyekuwa karibu akasema kwa sauti kwamba ile yote ni plasta tupu. Furaha yangu ikaishia hapo. Je, alisema kweli?

JIBU: Inawezekana kiunzi kile kilikuwa cha plasta, lakini hakikustahili kudharauliwa. Kwanza tuelewe mfupa halisi wa dinosaria ni kitu gani. Mnyama alipokufa na kufunikwa upesi na tope au mchanga, maji yaliyopita ardhini yaliingiza madini katika vitundu vidogo vya mifupa yake, na kwa muda mrefu sana madini hayo yakavijaza vitundu hivyo na mara nyingi yakachukua hata nafasi ya mfupa wenyewe. Kinachochimbuliwa leo, ambacho huitwa kisukuku, kina umbo la mfupa, pamoja na alama za mahali misuli iliposhikilia, lakini uzito wake ni wa jiwe na wepesi wake wa kuvunjika ni wa jiwe lenye nyufa.

Uzito huo ndio sababu kubwa ya kutengeneza nakala. Chukua mfano wa Sue, Tyrannosaurus rex aliyegunduliwa na Sue Hendrickson mwaka 1990 katika jimbo la South Dakota, Marekani, akanunuliwa mnadani mwaka 1997 kwa zaidi ya dola milioni 8 na kuonyeshwa tangu mwaka 2000 katika Field Museum jijini Chicago. Sehemu kubwa ya kiunzi chake ni visukuku halisi, kwani takribani asilimia 90 ya mifupa yake ilipatikana kwa kipimo cha ujazo. Hata hivyo fuvu lililo juu ya shingo yake ni nakala nyepesi, kwa kuwa fuvu halisi lina uzito wa takribani kilo 270. Limewekwa peke yake katika kabati, mahali ambapo watafiti wanaweza kulifikia bila kupanda ngazi.

Kwa upande mwingine yuko Diplodocus wa London, anayejulikana kwa jina la Dippy, ambaye mwili wake mzima ni plasta. Mifupa yenyewe ilichimbwa Wyoming na kuhifadhiwa Pittsburgh. Tajiri Andrew Carnegie akaagiza itengenezewe nakala, na ya kwanza ikafika London mwaka 1905. Nyingine zilifuata Berlin, Paris, Vienna na kwingineko. Vizazi kadhaa vya watu vilijua ukubwa wa dinosaria kwa mara ya kwanza kupitia plasta hiyo, na ukubwa walioujua ulikuwa wa kweli, kwa sababu nakala ya aina hii hufinyangwa katika kalibu iliyotwaliwa juu ya mfupa wenyewe na hubeba kila mkwaruzo na kila ufa uliomo.

Ukitaka kupambanua bila kumtegemea jirani yako, soma kwanza kibao cha maelezo, kwani makumbusho mengi huchora kiunzi na kupaka rangi tofauti kwenye mifupa iliyopatikana na ile iliyokamilishwa na mafundi. Kisha tazama vyuma. Mifupa halisi, kwa uzito wake na kwa kuwa haitobolewi ovyo, hubebwa na vyuma vinavyoonekana nje, vilivyopindwa kufuata umbo la kila mfupa. Nakala kwa kawaida huficha chuma chake ndani.

Ningependa pia utazame jinsi mnyama alivyosimamishwa, maana hapo ndipo makosa ya kale yanapojificha, hata mifupa ikiwa halisi kabisa. Tyrannosaurus wa New York alisimamishwa wima mwaka 1915, mkia ukiburuzwa sakafuni. Katika miaka ya 1990 mafundi walimfungua na kumjenga upya, mgongo ukiwa umelala sambamba na ardhi na mkia ukielea nyuma kama uzani wa kusawazisha kichwa, kwa sababu uchunguzi wa viungo vyake ulionyesha hivyo, na nyayo za dinosaria zilizoachwa kwenye miamba kwa nadra huambatana na alama ya mkia unaoburuzwa. Vilevile rangi, ambayo zamani ilikuwa kazi ya kubuni tu, sasa ina ushahidi kwa baadhi yao: mwaka 1996 kulitangazwa kutoka China Sinosauropteryx, dinosaria mdogo mwenye manyoya mepesi, na mwaka 2010 watafiti waliochunguza chembe za rangi zilizohifadhika katika manyoya yake walieleza kwamba mkia wake ulikuwa na mistari ya hudhurungi nyekundu na nyeupe.

SWALI: Mwanangu wa miaka minane alimtazama gorila aliyesimama nyuma ya kioo, akaniuliza kama aliuawa ili sisi tumwone. Nilishindwa kujibu. Ningemwambia nini?

JIBU: Mama, mwambie ukweli, kwa maneno ya umri wake: ndiyo, wengi wa wanyama wa kumbi za zamani walipigwa risasi kwa ajili hiyo, katika enzi ambayo watu waliona kwamba wanyama hao wangetoweka na kwamba njia pekee ya kuwahifadhi ilikuwa ngozi zao. Mtoto anayeuliza swali hilo amekwisha kuhisi jibu, na ukilificha atajifunza kwamba makumbusho ni mahali ambapo watu wazima husema uongo.

Kisha msimulie habari za Carl Akeley, ambaye ukumbi wa mamalia wa Afrika wa New York, uliofunguliwa mwaka 1936, una jina lake. Yeye ndiye aliyeibadilisha kazi ya kuandaa wanyama wa maonyesho, kwa kuacha kujaza majani makavu ndani ya ngozi, akawa anapima misuli ya mnyama, anafinyanga mwili wake kwa udongo, anatoa humo umbo jepesi, na mwishowe analivika ngozi. Mwaka 1921 yeye mwenyewe aliwawinda gorila wa milimani. Aliporejea aligeuka kuwa mtetezi wao, na mwaka 1925 mfalme Albert wa Ubelgiji alitangaza hifadhi katika milima ile ya Kongo, ambayo leo ni sehemu ya Virunga. Akeley alifariki mwaka uliofuata hukohuko milimani na kuzikwa huko. Sidhani habari hii inafuta damu iliyomwagika, na usimpe mtoto kana kwamba inaifuta, lakini inamwonyesha kwamba mtu anaweza kumtazama mnyama akabadilika.

Siku hizi vielelezo vingi vya wanyama wakubwa hutokana na wanyama waliokufa katika bustani za wanyama, waliogongwa barabarani, waliokwama ufukweni au walionyang'anywa wasafirishaji haramu.

Mwanao akiuliza kwa nini basi wa zamani hawazikwi, lipo jibu zuri. Vielelezo vya zamani vinaendelea kueleza mambo ambayo waliovikusanya hawakuyawazia. Mwaka 1967 mtafiti Derek Ratcliffe alipima maganda ya mayai ya kozi yaliyokusanywa Uingereza kwa miaka mingi, akaona kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 maganda yalianza ghafla kuwa membamba kiasi cha kuvunjika chini ya mama anayeatamia. Kipindi hicho ndicho ambacho DDT, dawa ya kuua wadudu, ilianza kutumika mashambani. Bila mayai ya kabla ya hapo, yaliyokaa kimya katika masanduku, kusingekuwa na cha kulinganisha nacho, na dawa hiyo ingechukua muda mrefu zaidi kupigwa marufuku.

Simba wawili wa Tsavo, waliouawa na John Henry Patterson mwezi Desemba 1898 baada ya kuwala wajenzi wa reli, ni mfano mwingine. Ngozi zao zilikanyagwa kama mazulia kwa takribani robo karne kabla hazijauzwa kwa Field Museum, na ndiyo maana wanyama unaowaona Chicago ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Hata hivyo mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nywele zilizonasa katika matundu ya meno yao yaliyovunjika, wakatambua kwa vinasaba kwamba simba hao walikula twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia na binadamu.

Jambo moja la tahadhari: ngozi za zamani zilipakwa aseniki, ambayo ni sumu, ili zisiliwe na wadudu. Mtoto asiguse kisicho nyuma ya kioo mpaka aruhusiwe.

SWALI: Nimesoma kwamba kiunzi kirefu kuliko vyote katika makumbusho ya Berlin kilichimbwa Tendaguru, kusini mwa Tanzania. Nikifika mbele yake nitazame nini, na je, ni haki kiwe kule?

JIBU: Huyo ni Giraffatitan brancai, aliyeishi takribani miaka milioni 150 iliyopita. Kiunzi chake kina kimo cha mita 13.27, na hakuna kiunzi kingine cha dinosaria kilichosimamishwa ambacho ni kirefu kukipita. Utakapokuwa miguuni pake, tazama kwanza miguu ya mbele, ambayo ni mirefu kuliko ya nyuma, kinyume na dinosaria wengi wa jamaa yake. Mteremko wa mgongo ndio unaokwambia kwamba shingo ile ilielekezwa juu. Kisha tafuta mahali mfupa halisi unapoishia na nakala inapoanza, kwa sababu fuvu lililoko juu ni nakala, na kiunzi kizima kimekamilishwa kwa mifupa ya zaidi ya mnyama mmoja. Kilisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, na kati ya mwaka 2005 na 2007 kikafunguliwa na kujengwa upya kwa mkao uliosahihishwa.

Baada ya hapo soma kibao, na utafute waliochimba. Kazi ya Tendaguru ilifanyika kati ya mwaka 1909 na 1913, nchi ikiwa koloni la Wajerumani, chini ya wanasayansi Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba walikuwa mamia ya Waafrika, chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, fundi ambaye ujuzi wake wa kuitoa mifupa ardhini ulitambuliwa hata na msafara wa Waingereza uliokuja miaka ya 1920. Wapagazi waliibeba mifupa hiyo kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na mizigo yote iliyosafirishwa ilizidi tani 200. Ilichukua hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina la fundi huyo, Australodocus bohetii. Kwa maoni yangu, kibao kinachomtaja mwanasayansi na kuwaacha wachimbaji hakina upungufu wa adabu peke yake, kina upungufu wa elimu pia, kwa sababu kinamficha msomaji jinsi ujuzi wenyewe ulivyopatikana.

Ama kuhusu haki, mjadala wa kurejeshwa kwa mifupa hiyo ni wa muda mrefu na umefika hadi bungeni nchini Tanzania. Wapo wanaodai mifupa yenyewe, wapo wanaodai sehemu ya mapato, na wapo wanaosema kipaumbele kiwe mafunzo ya wataalamu na uchimbaji mpya palepale Tendaguru. Mimi naona madai hayo hayapingani. Kitu kilichochukuliwa wakati wenye nchi hawakuwa na sauti kinadaiwa majibu, na mazungumzo ya dhati huanza na orodha iliyo wazi ya kila kilichochukuliwa. Suala hili si la Berlin pekee: fuvu la binadamu wa kale lililopatikana Kabwe mwaka 1921 liko London, na Zambia imekuwa ikilidai kwa miaka mingi. Mgeni anayeuliza kwa heshima mapokezini au kwa mwongozaji "kitu hiki kilifikaje hapa?" amefanya jambo la maana, maana maswali ya wageni huandikwa na husomwa.

SWALI: Nina watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka kumi na mitatu. Mdogo hukimbia huku na huko, mkubwa hununa. Nifanyeje ili wote wafaidi?

JIBU: Mzazi mwenzangu, wape kazi. Nenda nao kwenye ukumbi wa viunzi vya mamalia na uwaambie wahesabu pingili za shingo. Binadamu anazo saba. Twiga, kwa urefu wote ule wa shingo, anazo saba, kila moja ikiwa ndefu sana. Popo anazo saba, na nyangumi anazo saba zilizobanwa hata zikawa nyembamba kama visahani. Mdogo atafurahia kuhesabu. Mkubwa mwulize ni kwa nini iwe hivyo, kisha mpeleke kwa slothi wa vidole vitatu, mnyama wa Amerika aendaye polepole mitini, ambaye ana nane au tisa, aone kwamba kanuni za maumbile zina walioziacha.

Halafu watafute mikono. Ndani ya pezi la nyangumi mna mifupa ya vidole. Bawa la popo ni vidole vilivyorefushwa. Farasi anasimama juu ya ncha ya kidole kimoja kila mguu. Mnyama mmoja baada ya mwingine, watoto wataona mpango uleule wa mifupa ukigeuzwa kwa kazi tofauti, na watakuwa wameushika ushahidi mmojawapo mkubwa wa mageuko kwa macho yao kabla hawajausoma darasani. Mkifika London, simameni chini ya nyangumi buluu wa mita 25.2 aliyening'inizwa ukumbi mkuu tangu mwaka 2017, na mtafute karibu na mkia mifupa miwili midogo isiyoshikana na uti wa mgongo. Hiyo ni mabaki ya nyonga, kumbukumbu ya mababu zake waliotembea nchi kavu.

Mkubwa mpe ramani awe kiongozi, na umtii hata akikosea njia. Mdogo mpe penseli na karatasi, achore mnyama mmoja tu, kwani mtoto anayechora hulazimika kuona pembe imeota wapi na goti limekunjwa upande gani. Baada ya saa moja na nusu tokeni mkapumzike, hata kama mnaona bado mna nguvu.

SWALI: Rafiki yangu haoni. Je, nimkaribishe tufuatane, au nitakuwa namtesa?

JIBU: Mkaribishe, lakini andikieni makumbusho mapema. Makumbusho mengi makubwa yana vielelezo vya kushikwa, waongozaji waliofunzwa, maelezo ya sauti na mara nyingine maandishi ya breili, ila vitu hivyo mara nyingi huwa ndani na hutolewa kwa miadi. Fuvu la simba na fuvu la swala yakiwekwa mikononi mwa mtu kwa zamu, tofauti ya meno na ya tundu la macho hujieleza haraka kuliko katika picha yoyote.

Yapo pia mambo makubwa ya kuguswa yaliyo wazi kwa wote. Jijini New York kuna Ahnighito, kipande cha kimondo cha Cape York chenye uzito wa takribani tani 31, kizito kiasi kwamba nguzo zake zimepitishwa sakafuni hadi kwenye mwamba ulio chini ya jengo. Kilianguka Greenland, ambako Wainuiti, wenyeji wa huko, walikuwa wakichonga visu na ncha za vyusa kutokana na chuma chake muda mrefu kabla mpelelezi Mmarekani Robert Peary hajakichukua mwaka 1897. Rafiki yako akiweka kiganja juu yake atakuwa ameshika chuma kilichotoka angani, na mashimo yaliyomo atayasoma kwa vidole vizuri kuliko wewe kwa macho. Asubuhi ya siku ya kazi, siku isiyo ya likizo, ndiyo tulivu zaidi, na utulivu huo ni muhimu kwa mtu anayeongozwa na sauti.

SWALI: Je, inaruhusiwa kupiga picha?

JIBU: Mara nyingi ndiyo, kwa matumizi yako binafsi na bila kuwasha taa ya kamera. Mwanga mkali ukirudiwarudiwa hufifisha rangi za manyoya, ngozi na mbawa za vipepeo, na ndiyo sababu kumbi za ndege na wadudu huwa na giza kidogo. Vitu vya maonyesho ya muda huweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo soma kibao cha mlangoni. Tazama kwanza, kisha piga picha, na usisahau kukipiga picha na kibao cha maelezo.

SWALI: Baada ya kutoka makumbusho nimeanza kuangalia mawe kila niendako, na nimeona moja lenye umbo la konokono lililojikunja ndani ya mwamba. Nilibandue nikawapelekee wataalamu?

JIBU: Usilibandue. Kisukuku kilichotolewa mahali pake bila kumbukumbu hupoteza nusu ya thamani yake, kwa kuwa umri wake hutambuliwa kutokana na tabaka la mwamba kililolala ndani yake, na kutokana na matabaka ya majivu ya volkano yaliyo juu au chini yake, ambayo madini yake huweza kupimwa umri. Zaidi ya hayo, nchi nyingi zina sheria zinazokataza kuchimba au kuhamisha visukuku bila kibali, na kuvivusha mpaka ni kosa kubwa zaidi.

Piga picha kadhaa: moja ya karibu sana ukiwa umeweka rula au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane, moja ya mwamba mzima, na moja ya mandhari ili mahali pale pajulikane tena. Andika majira ya nukta, yaani namba za GPS za mahali hapo, kutoka kwenye simu yako, tarehe, na jina ambalo watu wa hapo hupaita mahali hapo. Kisha vitume kwa makumbusho ya taifa au idara ya jiolojia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Makumbusho mengi yana watu ambao kazi yao ni kutambua vitu vinavyoletwa na wananchi, na vielelezo kadhaa vya maana viliwafikia wataalamu kwa njia hiyo, kupitia wakulima, wachimba mawe na watoto. Ikiwa mwamba uko katika hatari ya kubomolewa, au mvua inaumomonyoa kwa kasi, liseme hilo katika mstari wa kwanza wa barua yako, maana ndilo litakalowafanya waje upesi.